Boti ya mtumba: nianzie wapi?

Swali: Nataka kununua boti ya faiba iliyotumika, ya mashine ya petroli, niiendeshe Mwanza. Muuzaji anasema karatasi tutashughulikia baadaye. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Usitoe hela kabla hujaona cheti cha usajili na cha ukaguzi, na namba iliyogongwa kwenye mashine iwe ileile ya kwenye hati ya mauziano. Zipeleke karatasi hizo TASAC wewe mwenyewe wazithibitishe. Ndio wanaosajili na kukagua vyombo vya majini Tanzania Bara.

Sasa boti yenyewe. Nenda tezini, shika mashine uitikise juu chini. Faiba ikicheza, au maji yakichuruzika kwenye matundu ya bolti, mbao za ndani zimeoza. Hapo mimi ningeondoka, hata bei iwe nzuri vipi. Mipira ya mafuta iliyopasuka ibadilishe yote: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini ya boti, na cheche moja inatosha kuulipua.

Kila abiria awe na jaketi okozi, avae tangu ufukweni. Na ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi kila safari, ukianguka majini mashine izime papo hapo, boti isikurudie rafadha ikizunguka.