"Censure" si kufukuzwa wala si kutukanwa

Ndugu msomaji, lipo neno la Kiingereza linalotutatiza sana maofisini na vikaoni, nalo ni "censure". Hutamkwa "sensha". Iwe Mbeya au Iringa, mtu akipewa barua yenye neno hili, mmoja hudhani kazi imekwisha na mwingine hudhani katukanwa. Wote wawili wamelikosa. Hebu tulitazame.

Katika Roma ya kale alikuwepo ofisa aliyekuwa na kazi mbili: kuhesabu raia na kusimamia maadili yao. Kazi ya kwanza ndiyo asili ya neno letu "sensa". Kutokana na ile ya pili Waingereza wana "censor", yaani anayezuia habari au filamu isitoke, na "censure", yaani karipio rasmi. Tusiyachanganye.

Uzito upo kwenye neno "rasmi". Mtu akikusema barazani, hiyo ni lawama. Akikuita pembeni akakushauri, hiyo ni nasaha. Lakini "censure" hutolewa na chombo chenye mamlaka, kosa likatajwa, na jambo likaandikwa katika kumbukumbu. Wapo wanaotafsiri "shutuma". Hapo tuwe waangalifu, kwani kwa Kiarabu asili ya neno hilo ni kutukana, na karipio rasmi halihitaji tusi hata moja.

Je, karipio hili humwondoa mtu kwenye cheo? Peke yake, hapana. Desemba 2, 1954 Baraza la Seneti la Marekani lilimkaripia Seneta Joseph McCarthy kwa kura 67 dhidi ya 22. Alibaki na kiti chake mpaka alipofariki mwaka 1957. Kilichopotea ni heshima.

Kuondoa ni jambo jingine. Machi 2020 madiwani wa Manispaa ya Iringa walipiga kura kumwondoa Meya wao, Alex Kimbe. Ile ilikuwa kura ya kumng'oa. Vivyo hivyo, Ibara ya 53A ya Katiba yetu inazungumzia kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, ambayo ikipita ni lazima ajiuzulu.

Nguvu ya karipio tuliiona Februari 2008. Kamati Teule ya Bunge kuhusu Richmond, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo Mbunge wa Kyela mkoani Mbeya, ilisoma ripoti yake. Haikuwa kura ya kumwondoa yeyote, lakini Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Naye alilalamika ndani ya Bunge kwamba kamati haikumhoji. Malalamiko hayo yalimfuata kila sakata hilo lilipotajwa. Kwa hiyo aliyetuhumiwa asikilizwe kwanza, vinginevyo mjadala huhama kutoka kwenye kosa na kwenda kwenye utaratibu.

Basi, ndugu yangu, ukipewa barua ya namna hiyo usiisaini kwa hofu wala usiichane kwa hasira. Uliza: nimetuhumiwa kosa gani? Nimesikilizwa? Barua hii inanionya au inaniondoa? Nanyi mlio kwenye kamati, iwe ya shule au ya msikiti, andikeni kwa Kiswahili: "karipio". Anayekaripiwa ana haki ya kuelewa anachoambiwa.

Wabillahi Tawfiq.