Kikagua Tahajia: Jinsi ya Kukiwasha, na Makosa Kisiyoyaona

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo barua ya kuomba basari, kumbukumbu za mkutano wa kikundi cha akiba au malalamiko kuhusu mpaka wa shamba yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Tatizo huanza pale kompyuta inapolitilia shaka kila neno unaloandika, au inapokubadilishia neno bila kukuuliza. Somo hili linaeleza jinsi ya kuweka kikagua tahajia katika programu sahili za kuandikia, na kazi ambayo bado itabaki mikononi mwako.

Kikagua tahajia ni nini?

Tahajia ni namna ya kuendeleza maneno kwa herufi zake. Kikagua tahajia hulinganisha kila neno uliloandika na orodha ya maneno kinayoijua. Neno lisilokuwamo hupigiwa mstari mwekundu wa mawimbi. Kikagua hakielewi maana ya sentensi. Kinatazama herufi tu.

Kwa Kiswahili, orodha peke yake haitoshi. Mzizi mmoja, -andik-, huzaa ameandika, hawakutuandikia, tutaandikiana na mengine mengi. Ndiyo maana Hunspell, chombo cha kukagua tahajia kinachotumiwa na programu nyingi, husoma faili mbili: moja ina maneno, na nyingine ina kanuni za viambishi. Majina ya faili hizo huishia kwa .dic na .aff. Hunspell ilibuniwa kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo nayo hurefusha maneno kwa viambishi. Hata hivyo, usishangae neno sahihi la Kiswahili likipigiwa mstari kwa sababu umbo lake halimo katika kamusi hiyo.

Notepad

Notepad imekuwamo ndani ya Windows tangu 1985. Kwa karibu miaka 40 haikuwa na kikagua tahajia. Microsoft ilikiongeza mwaka 2024, katika Windows 11. Kama kompyuta yako au ya saiba unayotumia ina Windows 10, usipoteze muda kukitafuta.

1. Fungua Notepad, kisha bofya alama ya gurudumu la meno iliyo juu, upande wa kulia.
2. Tafuta sehemu ya "Spelling", kisha washa "Spell check".
3. Hapo hapo utaona "Autocorrect". Hii ndiyo inayobadilisha maneno yenyewe. Ukiandika Kiswahili, izime.
4. Neno likipigiwa mstari, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya uone mapendekezo.

Kama karibu kila neno lina mstari mwekundu, si kwamba umekosea yote. Kikagua kinatumia kamusi ya lugha nyingine, aghalabu Kiingereza.

Notepad++

Hii ni programu nyingine, nayo ni ya bure. Hukubali kuongezewa programu-jalizi iitwayo DSpellCheck, inayopatikana kupitia menyu ya "Plugins", katika "Plugins Admin". DSpellCheck husoma kamusi za Hunspell. Ukiwa na zile faili mbili za Kiswahili, unaweza kuziongeza ili ikague kwa lugha yako.

LibreOffice

Kwa barua rasmi, hii ndiyo njia tunayoipendekeza. LibreOffice ni ya bure, na ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice. Programu hiyo ya OpenOffice ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili mwaka 2004 kupitia mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ikapewa jina Jambo OpenOffice.

1. Fungua barua yako na ubonyeze Ctrl pamoja na A ili kuichagua yote.
2. Chini ya dirisha utaona jina la lugha. Libofye, kisha uchague Kiswahili katika orodha ya lugha. Kimeandikwa "Swahili".
3. Tazama kama kuna alama ya vema kando ya jina hilo. Ikiwapo, kamusi ipo. Isipokuwapo, kamusi ya Kiswahili hupakuliwa mara moja tu kutoka ukurasa wa nyongeza za LibreOffice.
4. Bonyeza F7 ili kukagua barua yote.

Kifundishe majina ya kwenu

Kikagua hakijui Junju, Kuruwitu wala Takaungu. Hakimjui Kadzo wala Kahindi. Kitayapigia mstari majina hayo na pengine kupendekeza neno jingine kabisa. Usikubali pendekezo kwa haraka. Bofya jina kwa kitufe cha kulia na uchague "Add to Dictionary". Halitasumbua tena katika kompyuta hiyo. Lakini kabla ya kuliongeza, lilinganishe na kitambulisho herufi kwa herufi. Ukiongeza jina lenye kosa, kosa hilo litapita kimya kila siku.

Jambo hili si dogo. Jina la mwanafunzi kwenye fomu likitofautiana kwa herufi moja na lile la cheti cha kuzaliwa, mzazi anaweza kurudishwa nyumbani kulisahihisha huku tarehe ya mwisho ikikaribia.

Zoezi

Andika maneno haya jinsi yalivyo, kisha ukague:

"Mwenyekiti alifungua mkutano saa nne asubui na kuwakaribisha wanachma. Kikundi kiliomba mkono wa shilingi 50,000."

Kikagua cha Kiswahili kinapaswa kushika "asubui" na "wanachma". Kosa la tatu hakitalishika. Kikundi kiliomba mkopo, si mkono. Lakini mkono nalo ni neno sahihi. Vivyo hivyo "haki ya shamba" na "hati ya shamba" zote zitapita, ingawa mbele ya afisa wa ardhi si kitu kimoja. Wala kikagua hakitakwambia kwamba 50,000 ilipaswa kuwa 5,000.

Kabla ya kuchapisha

Mpe mtu mwingine akusomee barua kwa sauti huku wewe ukifuata nakala yako. Kagua majina, nambari za vitambulisho, tarehe na kiasi cha fedha, kimoja kimoja. Usinakili barua yenye nambari za vitambulisho au habari za ugonjwa na kuibandika kwenye tovuti usiyoijua ili ikusahihishie. Habari hizo ni zako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda. Na ukiandikia saiba, futa nakala yako kwenye kompyuta kabla ya kuondoka.

Mashine ikague herufi. Maana ya barua ikaguliwe na yule atakayeitia sahihi.