Angalia Anga ya Njia Nzima: Mafunzo Niliyopata kwa Kuvuka Luapula

Kwetu Kasenga, upande wa Kongo, kwenda nchi ya nje ni kushuka mto Luapula, kupanda mtumbwi na kuteremka Zambia. Wengine wanaendelea mpaka Dar es Salaam kwa njia ya Nakonde na Tunduma kufuata mali. Wenye mtaji mkubwa wanapanda ndege Lubumbashi na kwenda Dubai. Biashara hii ya kuvuka mipaka imenifundisha kwamba kuangalia meteo, yaani utabiri wa hali ya hewa, ni sehemu ya safari, sawa na pasipoti na nauli.

1. Mvua ya nchi jirani ndiyo maji yako.
Luapula unatoka kwenye ziwa na vinamasi vya Bangweulu, Zambia, ndipo unapita kwetu kuelekea Ziwa Mweru. Vinamasi vile hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Ndiyo maana mto unaweza kuendelea kujaa wakati mvua za Kasenga zimeshapungua. Kabla ya kuvuka nauliza huko juu kulinyesha vipi. Jua la siku hiyo peke yake halinitoshi.

2. Jua majira kwanza, utabiri ufuate.
Kwenye jimbo letu la Haut-Katanga mvua hunyesha kuanzia kama Novemba hadi Aprili. Dar ina misimu miwili: vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kwa hiyo katikati ya Mei unaweza kuacha vumbi Lubumbashi ukakuta matope Kariakoo, Dar. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi unataka koti, na Dubai joto linapita nyuzi 40. Majira yanakuambia ubebe nini. Utabiri unakuambia utoke siku gani.

3. Siku za karibu ndizo za kuaminiwa.
Utabiri wa kesho na keshokutwa una uzito. Wa siku ya kumi ni wa kupangia tu, si wa kulipia nauli. Simu ikisema uwezekano wa mvua ni asilimia 60, haina maana kwamba itanyesha zaidi ya nusu ya siku. Maana yake ni kwamba kunyesha kuna nafasi kubwa kuliko kutonyesha. Naangalia juma moja kabla, naangalia tena siku mbili kabla, na mara ya mwisho alfajiri ya safari. Msimu wa mvua navuka asubuhi, kwa sababu ngurumo nyingi hujikusanya mchana joto likishapanda.

4. Sikiliza mamlaka ya kule uendako.
Kwa hali ya hewa, Kongo tuna shirika la METTELSAT, Zambia ina Idara yake ya Hali ya Hewa, Tanzania ina mamlaka iitwayo TMA. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania, TMA ilitoa tahadhari mapema na boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Picha ndogo ya wingu kwenye simu haikuambii habari kama hizo.

5. Usisahau mahali pa kubadilishia ndege.
Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Uwanja wa ndege wa Dubai ulijaa maji, na safari zikavurugika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa anapita tu kwenda kwingine naye alikwama.

6. Funga mzigo kama vile mvua itanyesha.
Mfuko wa unga wa kilo 25 unaonunuliwa Zambia ukilowa chini, unga unaganda mabonge, unachacha, na mteja anaukataa. Weka mbao chini mtumbwini, panga mifuko juu yake, kisha funika kwa turubai na kufunga kamba pande zote. Samaki mkavu naye anataka hivyo hivyo; akishika unyevu anaota ukungu.

7. Mwenye mtumbwi akikataa, usimbembeleze.
Utabiri wa simu unasemea eneo pana. Yeye anaona upepo na mawimbi ya pale pale. Akisema tungoje, kumwongezea pesa ili avuke ni kununua hatari.

Msafiri mwenzangu, soma utabiri kabla hujalipa, vaa jaketi la kuokolea majini, na ukisikia tahadhari, ahirisha. Mali iliyochelewa itauzwa. Watoto nyumbani wanakungoja wewe kwanza.