Kujaribu Kitambaa cha Bei Nafuu kwa Kihema cha Shambani

Mkulima wa Uluguru ambaye shamba lake li mbali na nyumba hulazimika kulala dunguni mahindi yakaribiapo kukomaa, ili kuyalinda na nguruwe mwitu na nyani. Kihema cha kitambaa chamfaa sana, kwani hukunjwa na kuchukuliwa kichwani. Lakini kikivuja usiku wa masika mlinzi hurudi nyumbani, na nguruwe hawahitaji zaidi ya usiku mmoja. Kwa hiyo yakupasa kukijaribu kitambaa kabla ya kukishona.

Usinunue mita kumi kwa kuamini neno la mwuza duka. Nunua nusu mita. Tena ujue kwamba mvua ya mjini si kipimo cha mvua ya mlimani: Morogoro mjini hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu za juu za miteremko ya mashariki, upande wa Kinole, hupata zaidi ya 2,000.

Jaribio la kwanza ni la mdomo. Bana kitambaa midomoni, upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kwa urahisi, maji nayo yatapita. Merikani nyingi hushindwa hapa. Kitambaa hicho, kilichopata jina lake kwa merikebu za Marekani zilizokileta Unguja katika karne ya 19, kilifumwa kwa ajili ya kuvaa, wala si kwa kuzuia mvua. Wengine humwagia matone juu ya kitambaa, na wakiyaona yakiviringika kama juu ya jani la mgimbi huridhika. Hilo laonyesha dawa iliyopakwa usoni tu. Halionyeshi kitambaa kitastahimili maji mangapi.

Jaribio la kweli ni la bomba. Tafuta bomba la plastiki lenye urefu wa mita 1 na nusu, nene kama kifundo cha mkono. Funika mdomo mmoja kwa kitambaa, upande utakaokuwa nje ya hema ukielekea ndani ya bomba, ukikaze kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Lisimamishe bomba kwenye nguzo, mdomo uliofunikwa ukiwa chini bila kugusa ardhi, kisha tia maji polepole kwa juu. Tazama chini ya kitambaa. Tone moja laweza kuwa kosa la uzi mmoja. Ngoja matone yatoke mahali patatu, ndipo upime kimo cha maji. Kisichofikisha sentimita 30 chafaa kwa kivuli tu. Kinachostahimili mita 1 chaweza kuwa paa. Kitambaa cha kulalia chini chapaswa kupita kimo chote cha bomba bila tone, kwa sababu goti la mtu juu ya udongo uliolowa husukuma maji kwa nguvu kuliko mvua inavyosukuma paa.

Baada ya hapo kitoe kitambaa, ukikunje na kukisugua kama ufuavyo nguo, mara hamsini, kisha kirudishe kwenye bomba. Hapa ndipo nailoni ya bei nafuu hufichua siri yake: utando uliopakwa hupasuka kwenye mikunjo, na kilichostahimili mita 1 asubuhi hakifikishi hata shubiri jioni. Turubai la plastiki lililofumwa hustahimili msuguo vizuri zaidi, lakini jua hulidhoofisha. Anika kipande chake juani mwezi mzima wa kiangazi, nawe ukivute kwa mikono. Kikichanika au kumenyuka, usikitegemee.

Turubai zito la pamba lisihukumiwe kwa bomba peke yake. Nyuzi za pamba huvimba zikilowa na kuziba matundu. Lilowe, likauke, lilowe tena, ndipo ulijaribu. Paa lake liwe la mwinuko mkali ili maji yateremke upesi, na mlalaji asiliguse kwa ndani wakati wa mvua, kwani mahali palipoguswa ndipo maji huanza kudondoka.

Kitambaa chepesi cha pamba chaweza kusaidiwa kwa sabuni na shabu. Yeyusha gramu 50 za sabuni ya mche katika kila lita ya maji ya moto, ukiloweke kitambaa, ukikamue bila kukisuuza. Kisha kiloweke katika maji mengine yenye gramu 50 za shabu kwa lita, ukianike kivulini. Sabuni ya unga haifai kwa kazi hii. Dawa hii huzuia manyunyu, haizuii mvua kubwa, na baada ya kufua sharti irudiwe.

Usisahau mshono. Kila tundu la sindano ni mlango. Shona vipande viwili, ufunge mshono huo kwenye bomba, kisha usugue nta ya nyuki pande zote mbili na ujaribu tena. Tofauti utaiona mwenyewe. Ukitaka kuyeyusha nta, weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto mtupu, kwa maana hushika moto.

Ikiwa kihema kimekwisha kushonwa nawe waamka umelowa, usikilaumu kitambaa upesi. Pumzi ya mlalaji hugeuka maji juu ya kitambaa kisichopitisha hewa, hasa katika baridi ya Mgeta. Kiache kihema wazi bila mtu usiku mmoja wa mvua. Kikikutwa kikavu ndani, maji yale yalikuwa pumzi yako, na dawa yake ni kuacha nafasi ya hewa juu na chini. Nafasi hiyo isikutie moyo wa kuingiza jiko la mkaa: hewa yake mbaya haina harufu, na humwua aliyelala asiamke. Jiko likae nje, hata kama mvua yanyesha.