OKIDI ZA MWITUNI: KILA MOJA NA MAKAO YAKE

Mkulima, ukiona okidi imeshika tawi la mti wako, usidhani kwamba yaunyonya. Haili mti, yaukalia tu ili ipate mwanga.

Itazame okidi ya Ansellia, yenye maua ya manjano na madoa kama ya chui, iotayo juu ya miti katika nchi za joto. Mashina yake manene ni ghala ya maji. Mizizi yake hunywa mvua upesi kama sifongo; na mingine husimama wima mfano wa kikapu, ikidaka majani makavu, nayo huoza yakawa mbolea.

Okidi za uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, zina njia nyingine. Huko baridi ni kali, na wakati wa kiangazi nyasi huungua. Basi majani yake hufa, bali kiazi husalimika chini ya udongo, kikingoja mvua.

Viazi hivyo huchimbwa na kupelekwa Zambia, kupikwa chikanda. Lakini achimbaye kiazi ameung'oa mmea wa mwaka ujao. Wala mbegu hazirudishi hasara upesi: ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na hazimei pasipo msaada wa kuvu wa udongoni. Tangu mwaka 2005 Kitulo ni Hifadhi ya Taifa.

Kwa hiyo, shika haya:
1. Usikate tawi kwa sababu ya okidi.
2. Usichimbe viazi vyake.
3. Usiipande udongoni iliyozoea mti, itaoza.