Seva ya Nyumbani Isipoona Intaneti: Jinsi ya Kukagua Mipangilio ya Lango

Seva ya kuhifadhia faili nyumbani, kile kisanduku cha diski ambacho mafundi hukiita NAS, ina hitilafu moja inayowachanganya wengi. Picha zinafunguka kwenye simu, filamu inacheza kwenye runinga sebuleni, nyaraka zinasomeka kwenye laptopu, lakini seva yenyewe inalalamika kuwa haina intaneti. Masasisho hayashuki. Saa inapotea. Barua pepe ya kuonya kuwa diski inachoka haitumwi, na hapo ndipo penye hatari, maana mwenye nyumba atajua diski imekufa siku anapotafuta picha za harusi.

Watu wa ua mmoja hawapiti getini wanapoombana chumvi. Vifaa vya nyumba moja navyo huzungumza moja kwa moja, bila kuhitaji lango. Lango, yaani anwani ya ruta, huhitajika pale tu data inapotoka nje. Ndiyo maana lango likiandikwa vibaya, ndani ya nyumba kila kitu huonekana kizima.

Kosa hutoka wapi

Mara nyingi halitokei lenyewe. Umebadilisha kampuni ya intaneti, au umetoka kwenye ruta ya laini ya simu ukahamia faiba, na namba zilizoandikwa kwa mkono ndani ya seva zimebaki za zamani. Ruta nyingi za laini za Huawei hutumia anwani 192.168.8.1, visanduku vyake vingi vya faiba hutumia 192.168.100.1. Seva iliyokaririshwa 192.168.8.50 haitaonekana kabisa kwenye mtandao mpya, kwa kuwa sabneti ya 255.255.255.0 inataka mafungu matatu ya kwanza ya namba yafanane.

Hali ya nusu-nusu tuliyoanza nayo huja mafungu hayo yakifanana lakini namba ya mwisho ikawa tofauti: ruta ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, mpya ni 192.168.1.254. Wanaotumia mfumo wa TrueNAS wawe macho zaidi. Humo anwani ya seva hubadilishwa ukurasa mmoja na lango ukurasa mwingine, ule wa Global Configuration, hivyo ni rahisi kurekebisha moja na kusahau la pili.

Anza na kifaa kinachofanya kazi

Usianze kuhangaika na seva. Chukua kompyuta ya nyumba hiyohiyo inayopata intaneti. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha soma namba iliyo mbele ya maneno Default Gateway. Hilo ndilo lango la kweli. Lilinganishe na lililoandikwa kwenye seva, na asilimia kubwa ya kazi imeisha.

Yakifanana na tatizo bado lipo, ingia kwenye seva upime kwa ping. Pima kwanza anwani ya ruta. Isipojibu, kagua kebo na sabneti. Ruta ikijibu, pima 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje ya nyumba. Ikinyamaza, angalia kama bando limeisha au ruta yenyewe imekatika. Lakini 8.8.8.8 ikijibu huku jina la tovuti halifunguki, lango halina kosa: kilichoharibika ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba, na wengi hupoteza saa nzima wakibadilisha lango bure.

Ukikuta seva imejipa anwani inayoanza na 169.254, haikupewa namba na ruta. Hapo shida ni kebo, au DHCP ya ruta, huduma inayogawa anwani kwa vifaa, imezimwa.

Seva yenye matundu mawili ya kebo ina mtego wake. Watu huandika lango kwenye yote mawili wakidhani wanaongeza nguvu, kumbe data inaingia huku na majibu yanatokea kule. Chagua tundu moja liwe na lango kuu. Jingine liache bila lango. Na kama seva imeunganishwa na VPN, izime kwanza ndipo upime, kwa sababu VPN inaweza kushika nafasi ya lango kimyakimya.

Seva ikitoweka kabisa

Unganisha laptopu na seva kwa kebo, ipe laptopu anwani ya mtandao ule wa zamani, kwa mfano 192.168.8.20, kisha fungua anwani ya seva kwenye kivinjari. Kwa seva za Synology kuna njia nyingine: bonyeza kitufe cha RESET sekunde kama 4 hadi kilie mlio mmoja, uachie. Mipangilio ya mtandao na nywila ya msimamizi hurudi mwanzo, faili hazifutwi. Usibonyeze tena papo hapo, kwani mara ya pili huanzisha usakinishaji upya wa mfumo.

Ukishaipata, acha kuikaririsha namba kwa mkono. Iweke kwenye DHCP, kisha ndani ya ruta ihifadhie anwani yake ya kudumu kwa kutumia anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. Siku ukibadilisha ruta, seva itapokea lango jipya yenyewe.

Jambo moja tunalikataza waziwazi: kufungua poti za ruta zielekee kwenye seva ili “ipate intaneti”. Data ya kwenda nje haihitaji poti iliyofunguliwa. Januari 2022, programu ya utekaji iitwayo DeadBolt ilifunga kwa fumbo faili za wenye seva za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti na kuwadai fedha; kampuni hiyo iliwataka wateja wazime uelekezaji wa poti pamoja na UPnP, huduma inayoruhusu vifaa kufungua poti vyenyewe. Kama fundi aliwahi kukufungulia poti wakati wa kuhangaika na lango, ingia kwenye ruta leo uifunge.