Mgonjwa wa Kisukari katika Mgahawa wa Kihindi

Watu wanapopanga kula nje jijini Dar es Salaam, aghalabu mmoja wao hutaja mgahawa wa Kihindi wa Kisutu au Upanga, na ni nadra kupata wa kumpinga. Chakula hicho si kigeni kwa watu wa pwani. Chapati, sambusa, bajia, biriani na achari yamekuwa maneno ya Kiswahili tangu zamani, na iliki, mdalasini na binzari havikosekani jikoni. Kwa mgonjwa wa kisukari, mazoea hayo yana hatari yake: mtu huona anakijua chakula kilichoko mbele yake, ilhali kile kilichopikwa mgahawani hakifanani sana na cha nyumbani, wala hakiji mezani kwa saa ileile.

Saa ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi. Ichukuliwe mfano wa mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 61, atumiaye insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Yaani asilimia 30 ni insulini ifanyayo kazi mapema na asilimia 70 ni ile ifanyayo kazi polepole. Binti yake amemwalika chakula cha usiku. Mzee alifundishwa kudunga dawa nusu saa kabla ya kula, naye ni mtu wa kushika maagizo. Anadunga nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni, akitaraji kula saa moja. Msongamano wa magari unawachelewesha. Wanaketi mezani saa moja na nusu, wanasoma orodha ya vyakula, wanaagiza kuku wa tanduri na mikate ya naani, na jiko la usiku huo lina wateja wengi. Ifikapo saa mbili na robo mzee anatokwa na jasho ingawa kiyoyozi kinavuma, mikono inamtetemeka, na anamjibu mhudumu kwa ukali usio wa kawaida yake.

"Baba, vumilia kidogo, chakula kinakuja," binti anamwambia, akidhani ni uchovu.

Huo si uchovu. Sehemu ya insulini ifanyayo kazi mapema huanza kazi takribani nusu saa baada ya kudungwa, na nguvu yake huwa kubwa zaidi kuanzia kama saa mbili baadaye. Mzee anakaribia kilele hicho tumbo likiwa tupu. Sukari ya damu ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, mwili huanza kutoa ishara: jasho, mtetemo, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira au kuchanganyikiwa. Ikiendelea kushuka, mgonjwa huweza kupata degedege au kupoteza fahamu.

Tiba iko palepale mezani, lakini ni rahisi kuchagua isiyofaa. Kabati la vioo la mgahawa limejaa jalebi, barfi na mithai nyingine, na jamaa wengi wangekimbilia hizo kwa sababu ni tamu. Vitu hivyo vimepikwa kwa samli au maziwa mazito, na mafuta hukawiza chakula tumboni, hivyo sukari yake huchelewa kufika katika damu. Kinachotakiwa ni takribani gramu 15 za sukari iyeyukayo upesi: vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu hapa. Baada ya dakika 15 sukari ipimwe tena kama kipimo kipo. Ikiwa bado iko chini, au dalili hazijapungua, kipimo kilekile cha sukari kirudiwe. Dalili zikiisha, mgonjwa ale chakula chenye wanga bila kukawia. Aliyepoteza fahamu hapewi kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

Hatari hii inawahusu watumiao insulini pamoja na wale wanaomeza vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, kama glibenklamaidi. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa na sukari kwa sababu ya chakula kuchelewa.

Mhudumu wa afya basi asiishie kusema "dunga nusu saa kabla ya kula." Aongeze kwamba nusu saa hiyo huhesabiwa kutoka chakula kilipo, si kutoka nyumbani. Mgonjwa anaweza kuchukua dawa na sindano yake katika mkoba. Insulini iliyokwisha kufunguliwa huvumilia joto la kawaida la chumba kwa wiki kadhaa, ila isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Akifika aagize kwanza, aulize chakula kitachukua muda gani, kisha ndipo adunge. Akichelewa kudunga, sukari yake itapanda kidogo jioni hiyo. Akitangulia kudunga na chakula kisije, anaweza kuanguka mbele ya wajukuu wake. Wapo wanaoona haya kudunga mbele za watu, na haya hiyo isidharauliwe. Mgonjwa aelezwe kwamba anaweza kuomba mahali pa faragha, na pia kwamba wengi walio mezani wala hawatatambua.

Sasa chakula chenyewe. Wahindi wengi waliohamia pwani ya Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Kutch, na mlo wao wa nyumbani ni dengu, mboga, wali kidogo na chapati nyembamba. Orodha ya mgahawa, kwa upande mwingine, hufuata zaidi upishi wa kaskazini ya India, hasa Punjab: tanduri, naani, kuku wa siagi, mchuzi wa krimu. Ni vyakula vya karamu, na hata huko kwao si vya kila siku. Mtu anaposema "Wahindi hula hivi siku zote" huku akiongeza naani ya tatu, anajidanganya. Tena watu wenye asili ya Asia ya Kusini hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, hivyo nao wanayahitaji mashauri haya sawasawa na jirani zao.

Naani hukandwa kwa unga mweupe wa ngano, hutiwa hamira, na mara nyingi hupakwa siagi itokapo tanurini. Moja ya kiasi cha mgahawani huweza kubeba takribani gramu 45 za wanga, sawa na kikombe kizima cha wali uliopikwa. Chapati ndogo ya unga usiokobolewa huwa na chini ya nusu ya hizo. Kosa la kawaida ni kuviagiza pamoja, naani na wali wa biriani, kisha kushushia kwa soda yenye zaidi ya gramu 30 za sukari au kwa lasi tamu. Mgonjwa achague kimoja: mkate au wali. Akipenda wali, wa basmati hupandisha sukari polepole kuliko aina nyingi za mchele mweupe, lakini sifa hiyo haimsaidii anayejaza sahani.

Dengu ni rafiki wa mgonjwa huyu, kwa kuwa zina protini na nyuzinyuzi nyingi, na wanga wake huyeyushwa taratibu. Hata hivyo wapishi wa Kigujarati wana desturi ya kutia sukari guru katika dengu zao, na mgahawani bakuli huweza kumwagiwa samli juu kabla ya kuletwa. Kijiko kimoja cha chakula cha samli kina takribani kalori 120. Inatosha kumwomba mhudumu ailete bila samli ya juu. Kuku au samaki wa tanduri, aliyechomwa bila kuzamishwa katika mafuta, ndiye chaguo bora la mezani, pamoja na kachumbari na mtindi usiotiwa sukari.

Mafuta yana jambo moja zaidi ambalo huwakanganya hata wauguzi. Kwa kuwa huchelewesha chakula tumboni, sukari baada ya mlo mzito wa mchuzi wa krimu huweza kuonekana njema baada ya saa mbili, kisha ikapanda usiku wa manane. Mgonjwa alalaye akijipongeza huamka na milimoli 14, akadhani kipimo kimeharibika.

Mwenye shinikizo la damu aangalie achari, papadi na michuzi, ambamo chumvi haionekani kwa macho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na mlo mmoja wa mgahawani unaweza kukimaliza kijiko hicho chote. Mwenye mzio wa njugu au korosho aulize kabla ya kuagiza korma na michuzi myeupe, kwani aghalabu huongezwa uzito kwa korosho zilizosagwa. Wagonjwa wa figo wana masharti yao, tena yanapingana na haya kwa sehemu: dengu, nyanya na tui la nazi vina potasiamu ya kutosha kuwadhuru baadhi yao. Hao wafuate kipimo walichopewa na mtaalamu wa lishe anayewahudumia.

Siku ya kliniki, mwalimu yule anafungua daftari lake. Namba moja ya asubuhi imepanda mno.

"Shikamoo, mwalimu. Usiku wa kuamkia siku hii mlikula wapi?" muuguzi anauliza.

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu alinitoa. Niliogopa kusema."

Muuguzi haongezi dozi kwa ajili ya namba hiyo moja. Anauliza chakula kilikuja saa ngapi, dawa ilidungwa saa ngapi, na kama kulikuwa na jasho au mtetemo. Sukari iliyoshuka jioni na kupanda alfajiri ya siku moja ina tiba tofauti na ile inayopanda kila asubuhi. Kisha anamwomba mzee aandike, tangu siku hiyo, neno "mgahawani" pembeni ya kila kipimo kinachofuata mlo wa nje, pamoja na saa ya kudunga na saa ya kula.